Aliyeyachonga Meno ya Mama Anne

Honorine alikuwa ameshika mwiko, akiwapakulia watu bugali, Laure alipomwambia mama mkwe wao ayatoe meno mdomoni.

Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, nyumba yao ya Kimanga, mjini Uvira, imejaa ndugu na watu wa kanisa. Mama Anne alikuwa ametafuna tonge moja la bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akakunja uso, akaisukuma sahani kando. Laure, mke wa mwanawe wa mwisho, alichuchumaa mbele ya kiti chake, akawasha taa ya simu, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, toa kidogo nione." Na Mama Anne, mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye hata kukohoa mbele za watu huona haya, akayatoa. Mbele ya wanawe wawili, mbele ya wajukuu, mbele ya shemasi na mkewe. Mashavu yakaingia ndani, kidevu kikapanda, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

Honorine alibaki na mwiko hewani.

Laure aliyageuza meno kwenye mwanga. "Muone hapa kwa ndani. Hii weupe si chakula. Ni utando. Fangasi banajenga nyumba yabo humu, njo maana mama iko anaumwa."

"Ile meno minye njo niliichonga," Honorine alisema, akijielekezea mwiko.

"Najua, yaya," Laure alisema, akimwita dada mkubwa kama siku zote. "Sijasema umechonga mubaya."

Lakini mke wa shemasi alikwisha kumtazama Honorine, kisha akayatazama meno, kisha akamtazama tena. Bugali ulipoa kwenye sufuria na hakuna aliyeuliza habari yake.

Honorine ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na juu ya mlango ameandika kwa rangi ya bluu PROTHÈSES, na chini yake, kwa wasiojua neno hilo, MENO MAPYA. Mtu akija, Honorine humkandamizia mdomoni kisahani chenye ujiuji mzito wenye harufu ya mnanaa, naye hukaa nao kimya mpaka ugande. Katika alama hiyo humwaga plasta na kupata sura kamili ya ufizi. Juu ya plasta hupanga meno moja moja kwa nta. Kisha nta huondoka, na mahali pake hushindilia resini, unga wa rangi ya ufizi uliokandwa na maji yake makali yanayochoma pua. Vyote hufungwa ndani ya chombo cha chuma na kuchemshwa polepole. Neno hilo, polepole, ndilo alilofundishwa na marehemu mzee Libérat kwa miaka saba, kwa sababu ukiharakisha moto resini hutoka na vijitundu kama mkate. Mwisho ni msasa: wa kukwaruza, wa kati, wa laini, kisha kitambaa na chaki mpaka upande wa nje ung'ae. Upande wa ndani, ule unaokalia ufizi, hausuguliwi. Ukisuguliwa, meno yanacheza.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Mama Anne asimtake alipoolewa na Venant, mwanawe wa kwanza. Mama Anne ni mtu wa Lubarika, mtoto wa wakulima wa bondeni, na alikuwa amemtazamia mkwe mwenye jembe, si huyu mwenye mikono myeupe ya plasta. Miaka mingi alizungumza na Honorine kwa kupitia watoto. "Mwambie mama yako chumvi imepungua." Kisha meno yake yakaanza kulegea na kung'olewa, moja leo, jingine mwezi uliofuata, mpaka akajifungia chumbani na kuacha hata kwenda kanisani. Siku moja mchana, nyumba ikiwa tupu, alimwita Honorine, akafunga mlango, akaketi kitandani na kufumbua mdomo.

"Usimwambie muntu," alisema.

Honorine hakumwambia mtu. Alichonga meno yale kwa wiki mbili, akiyarudia mara nne. Tangu siku hiyo waliishi kama mama na binti, miaka kumi na moja sasa. Kila mwaka, mlango ukiwa umefungwa, Mama Anne alimpa meno ayatengeneze, akageuzia uso ukutani na kusubiri kurudishiwa. Wanawe wenyewe hawakuwahi kumwona bila meno. Uvira nzima, mtu aliyeijua mikunjo ya ufizi ule alikuwa mmoja. Na Laure, aliyeingia katika ukoo juzi tu, alikuwa ameipata siri ile kwa kuwasha taa ya simu.

Honorine hakuiita hali ile wivu. Alijiambia amechoka.

Laure alikuwa amesoma Bukavu na sasa alifanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti hapo mjini, akiandaa kazi yake ya mwisho ya shahada. Siku ile ya Jumapili aliyasugua meno kwa pamba, akaitia pamba kwenye kichupa, akaenda nayo. Baada ya wiki alirudi na habari. Fangasi wa mdomo wa Mama Anne wameota vizuri, na vidonge vinavyouzwa kila duka la dawa haviwafanyi chochote.

"Umekunywa vile vidonge mara ngapi, mama?" aliuliza.

Mama Anne alihesabu kwa vidole. Mara tano, labda sita. Siku mbili hivi, halafu maumivu yakipungua anaacha.

"Njo vile banazoea," Laure alisema. Akachukua kikombe cha maziwa ya mjukuu kilichokuwa kimepoa mezani, akagusa kwa kijiko ngozi iliyoganda juu. "Mwone hii utando. Na fangasi nabo banajifunika vile. Dawa inafika, inagonga hapa juu, inaishia hapa. Bale ba chini banabaki bazima, kesho banajenga tena. Sasa minye natafuta kitu ya kulegeza utando kwanza, dawa ipate njia ya kuingia."

Kitu chenyewe kilikuwa mulavumba. Honorine aligeuka mwenyewe kuutazama kupitia dirisha: ulikuwa nyuma ya jiko lake, kichaka chenye majani manene yenye manyoya na harufu kali, ambacho Mama Anne alileta kijiti chake kutoka Lubarika akakichomeka mahali ambapo maji ya ziwa hayafiki hata miaka ya mafuriko. Kwa kikohozi walichemsha mulavumba. Kwa homa, mulavumba. Watoto wa Honorine wote walikuwa wamelizwa na mulavumba kwa uchungu wake.

"Mulavumba yangu inaenda masomo!" Mama Anne alisema, na akacheka akiwa amefunika mdomo kwa kitenge.

Laure akachuma kikapu kizima. Aliomba ruhusa kwa Mama Anne. Kwa Honorine, aliyekuwa akiumwagilia maji kila kiangazi, hakuomba.

Wiki iliyofuata Mama Anne alihamia kwa Laure, kule Mulongwe, ili apimwe mdomo kila asubuhi bila kupanda pikipiki. Ilikuwa iwe kwa wiki moja. Zilipofika tatu, Honorine alianza kusikia mambo ambayo zamani yangempita. Mama Anne alipiga simu kusema uji wa soya wa Laure ni laini, hauna hata punje moja. Laure amemnunulia bakuli lenye mfuniko la kuwekea meno. Laure anamsomea Zaburi. Venant, mumewe, aliyekuwa karani wa mizigo mpakani Kavimvira, alirudi kutoka kumsalimia mama yake akitikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu mutoto iko na kichwa," alisema.

"Na minye niko na nini?"

"Weye uko na mikono," Venant alijibu, akamkamata mkono na kuutazama kwa upendo.

Alisema kwa nia njema. Honorine aliyabeba maneno yale wiki nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Ndipo Laure alipokuja karakanani na ombi. Alihitaji vipande sitini vya resini, ileile ya meno ya Mama Anne, vya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Juu ya vipande hivyo angewaotesha fangasi wa mdomo wa mama, awaache wajenge utando wao, kisha awajaribu kwa dawa peke yake, kwa maji ya mulavumba peke yake, na kwa vyote viwili pamoja.

"Lakini vyote vifanane, yaya," alisema. "Laini moja, ngozi moja. Kama kimoja ni tofauti, sitajua kama ni majani yalifanya kazi ao ni kipande. Nilibaambia kule kazini, kwa hii jambo hatuna haja ya kuagiza kitu mbali. Yaya yangu njo fundi."

Honorine alikubali. Na kwa kweli, kwa siku nne alifanya kazi kama anayemfanyia mzee Libérat mwenyewe. Alichemsha polepole, akapiga msasa wa tatu, akamalizia kwa chaki, akavijaribu vyote kwa ukucha wa kidole gumba. Thelathini vikawa tayari, vinateleza kama mbegu za tikiti. Alipanda pikipiki kwenda Mulongwe ili Laure avione kabla hajaendelea.

Alisikia kicheko kabla hajafika mlangoni. Mama Anne alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, Laure pembeni yake akichambua mboga ya lengalenga. Laure alikuwa ameiga sauti ya mtu, pengine ya mchungaji, na Mama Anne alikuwa akicheka kichwa kikiwa nyuma, mdomo wazi wote, ufizi mtupu unaonekana hadi mwisho, bila kitenge wala mkono wa kuuziba. Bakuli la meno lilikuwa kwenye kiti, mbali naye.

Miaka kumi na moja. Katika miaka kumi na moja, Mama Anne hakuwahi kukaa mbele ya Honorine bila meno dakika moja zaidi ya ilivyobidi.

"Mama Aimé, karibu!" Mama Anne alimwita Honorine kwa jina la mtoto wake, na papo hapo mkono ukaenda mdomoni kufunika. Kisha akanyoosha mkono wa pili kuelekea kwenye bakuli.

Mkono ule ndio uliomuua Honorine. Laiti Mama Anne angeendelea tu kucheka. Aliwaonyesha vipande, Laure akavisifu; Honorine akapewa chai, akainywa akiwa amesimama. Njiani kurudi Kimanga aliona ziwa likiwa tulivu, watu wakianika ndagala, na alichukia kila kitu alichokiona.

Siku iliyofuata alikanda resini ya vipande thelathini vya pili. Aliikanda ikiwa majimaji mno. Aliwasha moto mkubwa na kukiacha chombo kitokote kwa kishindo. Vipande vilipotoka vilikuwa na vijitundu visivyoonekana kwa jicho la haraka, na yeye akavipitishia msasa wa kukwaruza peke yake, kisha akapaka chaki juu ili ving'ae ukivitazama kwa mbali. Hakuna aliyemtuma, wala hakujidanganya kwamba ni uchovu wa kazi. Alijua anachofanya wakati akikifanya, na mikono yake ilifanya kwa uhodari uleule iliofanyia vile vizuri. Alivimwaga vyote sitini ndani ya kopo moja, akalitikisa kopo, akalipeleka.

Wiki tano zilipita. Laure alipoingia tena karakanani alikuwa amekonda usoni. Aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Imekataa, yaya," alisema. "Mu vipande vingine, nikiweka majani pamoja na dawa, utando unateremuka wote, unaosha kwa maji tu. Mu vingine, bure, ni kama nimemwagia maji ya mvua. Hesabu hazishikamani. Nimerudia mara mbili. Profesa wangu wa Bukavu anasema niache, pengine majani haina kitu."

Honorine alihisi utamu fulani ukipanda kooni. Aliendelea kukwangua plasta kwenye kisu ili asiutazame uso wa Laure.

"Pole," alisema.

"Mama atarudi huku kwako kesho. Hakuna tena cha kupima."

Kwa hiyo Honorine alipata alichotaka. Mama Anne alirudi na mfuko wake wa nguo, akalala kwenye kitanda chake cha zamani. Lakini yule aliyerudi hakuwa wa kuonea fahari. Mdomo ulikuwa umechubuka mpaka kwenye pembe, na ulimi wote umevaa weupe. Hakuweza kuvaa meno hata kwa saa moja. Wageni walipobisha hodi alijificha chumbani. Jumapili alisema magoti yanauma, akabaki. Na Jumapili iliyofuata hakusema hata sababu. Honorine alimpikia uji wa soya, akauchuja mara mbili, na Mama Anne alikunywa vijiko vitatu akamwambia asante kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka. Walikuwa wawili tu nyumbani, kama zamani, mlango umefungwa, na Honorine hakuona raha yoyote ndani yake.

Wiki ya tatu alimpigia Laure simu. Alimwomba alete vipande vyote, pamoja na daftari la hesabu.

Laure alikuja mchana. Alikuwa ameviosha vipande na kuvichemsha, kila kimoja ndani ya kifuko chenye namba. Honorine aliviweka mezani, akaanza kuvipitia. Alichukua kipande, akapitisha ukucha, akakiweka kushoto. Kingine, ukucha, kulia. Kingine, kushoto. Hakuvitazama, macho yake yalikuwa kwenye ukuta. Alipomaliza, kulikuwa na mafungu mawili.

"Soma namba za hapa kushoto," alisema.

Laure alisoma, akifuatisha kwenye daftari kwa kalamu. Kalamu ilienda polepole, kisha haraka. Kila kipande cha kushoto kilichopewa majani na dawa kwa pamoja kilikuwa kimeachia utando. Alisoma namba za kulia. Hakuna hata kimoja kilichoachia.

"Hivi vya kulia viko na mikwaruzo," Honorine alisema. "Na matundu. Majani haifiki chini, fangasi banajificha mule."

Laure aliyahesabu mafungu yale mawili kwa ncha ya kalamu. Nje pikipiki ilipita ikipiga honi.

"Thelathini huku, thelathini kule," Laure alisema hatimaye. "Sawasawa kabisa. Na weye, yaya, ulianza kuvitafuta kabla sijakuambia namba. Ulijuaje kama viko vya aina mbili?"

Honorine alikisogeza kipande kimoja ndani ya fungu lake.

"Ulijuaje?"

"Minye njo nilivifanya."

"Ulikosea?"

Neno lile lilikuwa mlango uliofunguliwa, na mtu mwingine angepita hapo. Honorine alitazama mikono yake. "Hapana," alisema. "Sikukosea."

Laure alisimama. Alikusanya vipande, kifuko kwa kifuko, bila haraka, kama anayeogopa kwamba akiharakisha atavunja kitu. Mlangoni aligeuka.

"Ulifanya vile juu ya nini?"

"Mama alicheka mbele yako," Honorine alisema, na kwa masikio yake mwenyewe jibu lile lilikuwa dogo mno, la mtoto.

Laure akaenda zake. Siku tisa hakupiga simu. Mumewe, Hyacinthe, alipokuja kumsalimia mama yake, alimsalimia na Honorine kama kawaida, na hapo Honorine akajua kwamba Laure hakumwambia hata mume wake. Afadhali angemwambia. Kuona aibu mbele ya mtu anayekusetiri ni kazi ngumu kuliko kugombana naye.

Siku ya kumi Laure alisimama mlangoni mwa karakana, daftari kwapani.

"Nataka vipande vingine," alisema. "Thelathini laini, thelathini vya mikwaruzo, thelathini vya kati. Profesa anasema kama ni mikwaruzo, ni lazima tuonyeshe, maana meno ya batu bengi iko imekwaruzika. Na nitakaa hapa nikiangalia unavyovifanya, tangu kukanda mpaka msasa."

"Sawa."

"Na usifikiri ulinisaidia. Ulinipotezea wiki tano. Na mama naye, wiki tano."

"Sijafikiri vile."

Laure aliketi kwenye kiti cha wateja. Wiki nzima aliketi pale kila mchana, akitazama moto, akiandika dakika, akikipima kila kipande kwa ukucha kama Honorine alivyomfundisha. Hawakuzungumza ila la kazi. Siku ya tatu Honorine alimwekea chai kando, Laure akainywa. Ni hilo tu. Na hata hapo, Honorine alipomwona akiandika maneno ya kisayansi kwa mwandiko wake mzuri wa mlalo, roho ilimuuma upya, palepale pa zamani, kana kwamba hakuna lililotokea.

Wakati huohuo Laure alimpeleka mama mkwe wao kwa daktari wa meno, akapewa dawa nyingine ya maji ya kushika mdomoni, isiyo ile iliyozoewa. Honorine naye alisema atachonga meno mapya. Yale ya zamani yalikuwa yamechakaa kwa ndani; kumi na moja ni miaka mingi kwa resini. Alimketisha Mama Anne karakanani, akafunga mlango, akamkandamizia ule ujiuji wa mnanaa, akashika taya lake kwa vidole viwili.

"Usiseme kitu mpaka igande," alisema.

Na hapo, Mama Anne akiwa hawezi kusema, Honorine alimwambia yote. Moto mkubwa, msasa wa kukwaruza, kopo alilolitikisa. Alimwambia habari ya mkeka wa Mulongwe. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye bakuli la meno. Mama Anne alimtazama bila kupepesa, ute ukimtiririka kwenye kidevu, na Honorine akawa anaufuta kwa kitambaa huku akiendelea kukiri. Zilikuwa dakika tatu. Kisha ilibidi atoe kisahani.

Mama Anne alisukutua maji, akatema, akajifuta. Hakutafuta meno yake.

"Wivu niliujua," alisema kwa ile sauti tambarare ya asiye na meno. "Tangu ile Jumapili. Sikujua iko mukubwa hivi. Umeniumiza, Honorine."

Hakumwita Mama Aimé.

"Ndiyo, mama."

"Laure ni kama nesi kwangu. Nesi muntu hamuonei haya. Lakini weye njo ulinipa meno. Nilipenda unione nayo. Nilisema, huyu asijute kazi yake."

Honorine alikuwa na alama ya ule ufizi mikononi, bado ina joto la mdomo. Aliiweka chini kwa uangalifu, kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona ukingo wa meza.

"Sasa enda umwage plasta," Mama Anne alisema. "Itaharibika."

Meno mapya yalimchukua wiki tatu. Aliulainisha uso wa plasta kabla ya kushindilia resini, ili upande wa ndani utoke laini bila msasa, jambo ambalo zamani alilifanya kwa wateja wachache tu, na alichemsha kwa moto mdogo mpaka Venant akauliza kama chakula cha mchana kitapikwa kesho. Laure aliwaonya wote kwamba mulavumba bado haijathibitishwa: imefanya kazi kwenye vipande vya maabara tu, na mtu asiiweke mdomoni kwa ajili ya fangasi mpaka ipimwe kama haidhuru. Mama Anne alisikiliza kwa heshima. Kisha alichemsha majani yake mwenyewe, akayapoza, na kila alipovua meno akayaloweka humo, akisema kwamba kijiti kilitoka Lubarika kabla Laure hajazaliwa.

Kufikia mwisho wa kiangazi ulimi wake ulikuwa mwekundu. Kilichomponya ni nini, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Laure aliamini ni dawa ya daktari, na moyoni alitumaini ni majani. Honorine aliamini ni meno. Mara mbili walilibishania jambo hilo mezani, kwa ukali kuliko ilivyostahili, na Mama Anne akawaacha waendelee huku akitafuna mahindi ya kuchoma.

Laure alikwenda Bukavu kuitetea kazi yake ya shahada, akafaulu. Alirudi na nakala moja kwa ajili ya Honorine, na akamfungulia ukurasa wenye jina lake: vipande vimetengenezwa na Honorine, fundi wa meno, Kimanga, Uvira. Kurasa kadhaa mbele kulikuwa na jedwali la vipande laini na vya mikwaruzo, na sentensi moja kwamba kundi la kwanza halikuwa la aina moja.

"Hukuandika sababu," Honorine alisema.

"Sababu si ya sayansi," Laure alijibu. Halikuwa jibu la msamaha wala la hasira. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wakati ule kumwangalia machoni.

Mwezi wa kumi na moja, mzee mmoja wa Kamanyola, Niyonzima, aliteremka hadi Kimanga akiwa na meno aliyochongewa na fundi mwingine, na mdomo mweupe ndani. Alitaka mapya. Honorine aliyapitishia ukucha, akamtazama ulimi, akajua. Angeweza kumchongea na kumwacha aende. Kwa miezi mitatu, kabla fangasi hawajarudi, mzee angelisifu jina lake bonde zima.

"Meno nitakuchongea," alisema. "Lakini kwanza enda maabara, umwone mwanamke anaitwa Laure. Atakupangusa na pamba, ajue ni fangasi gani, akutume kwa daktari. Iko anajua kuliko minye."

Yale maneno ya mwisho yalitoka kwa shida. Aliandika namba ya simu kwenye karatasi, akamwelekeza njia.

Mzee alirudi baada ya siku kumi, mdomo umepoa, ameketi kwenye kiti cha wateja akiwa na mengi ya kusimulia. Yule mama mdogo, alisema, ana upole, ana akili, ameeleza kila kitu kwa mfano wa maziwa, hajawahi kuona mtu kama yule tangu azaliwe, na huko Kamanyola atawaambia watu wote.

Honorine alisikiliza, akikoroga ujiuji wa mnanaa kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

"Ndiyo," alisema. "Ni mke wa shemeji yangu. Sasa fungua mudomo, mzee, fungua sana."